Brakiaria mbili, soko moja: Zitofautishe kabla hujalipa wala kupakia

Wafanyabiashara wa mbegu na wa marobota ya nyasi wanaovuka mipaka ya Afrika Mashariki hukutana mara kwa mara na jina moja: brakiaria. Tatizo ni kwamba jina hilo ni la ukoo mzima wenye aina zipatazo 100. Si jina la nyasi moja.

Ndani ya ukoo huo kuna aina mbili zilizosambaa kuliko nyingine katika biashara ya malisho duniani. Ya kwanza ni Brachiaria brizantha na ya pili ni Brachiaria decumbens. Zinafanana kiasi kwamba mtu anaweza kulipia moja na kupewa nyingine, na asijue mpaka nyasi ziote.

Kosa hilo lina gharama. Mbegu isiyoendana na shamba la mteja humrudisha mteja dukani akiwa na hasira. Nyasi isiyowafaa kondoo inaweza kuwaangusha wakiwa wameshanunuliwa. Na jina lisilolingana kwenye karatasi linaweza kuuweka mzigo mpakani huku lori likidai malipo ya siku za kusubiri.

Makala haya yanaeleza tofauti za nyasi hizo mbili kwa jicho la mtu anayenunua, anayeuza au anayesafirisha.

Mali iliyotoka hapa ikarudi na bei

Kwanza ieleweke kwamba nyasi zote mbili asili yake ni Afrika. Zilikuwa nyasi za mwituni kabla hazijawa bidhaa, na hadi leo zinaota zenyewe katika sehemu nyingi za ukanda wetu.

Mbegu ya decumbens iliyosambaa zaidi duniani huitwa Basilisk. Chanzo chake ni Uganda. Mbegu kutoka huko zilifika Australia mwaka 1930, zikaendelezwa huko, na baadaye zikapelekwa Brazil, hasa katika miaka ya 1960 na 1970, zikafunika maeneo makubwa ya malisho ya ng'ombe.

Lakini Brazil ilipata pigo. Wadudu wanaofyonza utomvu wa majani, ambao wenyeji huwaita cigarrinha, waliishambulia Basilisk vibaya kwa kuwa haina kinga nao. Watafiti wakatafuta mbadala, na mwaka 1984 shirika la utafiti wa kilimo la nchi hiyo, Embrapa, likatoa mbegu ya brizantha iliyoitwa Marandu. Asili yake ni Zimbabwe.

Brizantha nyingine inayouzwa sana ni Xaraés, ambayo katika nchi nyingine huitwa Toledo. Hiyo ilikusanywa Burundi katikati ya miaka ya 1980, wakati watafiti walipozunguka nchi kadhaa za Afrika wakikusanya mamia ya sampuli za brakiaria na kuzihifadhi katika kituo cha CIAT nchini Colombia.

Ipo pia ndugu yao wa tatu, Brachiaria ruziziensis, iliyopewa jina la bonde la Ruzizi linalopakana na Congo, Burundi na Rwanda. Damu yake imo katika mbegu chotara. Chotara maarufu Mulato II imetokana na aina zote tatu: ruziziensis, decumbens na brizantha.

Kwa maneno mengine, nyasi ziliondoka Uganda na Burundi bila bei, zikarudi kwenye paketi zenye nembo. Kuanzia mwaka 2012 mradi wa kituo cha BecA-ILRI cha Nairobi, ukishirikiana na watafiti wa mifugo wa Kenya na Rwanda, ulizijaribu tena mbegu hizo katika mashamba ya wakulima wa nchi hizo mbili. Kituo cha icipe nacho kinatumia Mulato II kuzungushia mashamba ya mahindi ili kuwavuta wadudu wanaotoboa mashina. Miradi hiyo imechangia sana kuongeza wateja wa mbegu hizi.

Zikiwa shambani

Mnunuzi anayeweza kufika shambani ana nafasi nzuri zaidi ya kuzitofautisha, kwa sababu nyasi ikiwa hai haifichi umbo lake.

Brizantha husimama. Huota kwa mashina yaliyokusanyika pamoja kama kichaka, na aina nyingine hufika mita 1.5 hadi 2. Mashina yake ni manene kiasi na majani ni mapana na marefu. Kati ya kichaka na kichaka mara nyingi unaona udongo.

Decumbens hulala. Mashina yake hutambaa, hutia mizizi kwenye vifundo vinavyogusa ardhi, kisha ncha zake huinuka. Kwa kawaida haizidi mita moja. Majani ni mafupi zaidi, yana vinyweleo na rangi yake ya kijani imekolea. Ikishashika shamba hufanya zulia zito ambalo magugu hupata shida kulipenya.

Zikitoa masuke, angalia kijiti kinachobeba mbegu. Kwenye brizantha kijiti ni chembamba, kimejipinda kidogo kama mwezi mwandamo, na mbegu zimepangwa mstari mmoja. Kwenye decumbens kijiti ni bapa kama utepe mwembamba, na mbegu zimekaa mistari miwili. Mbegu za decumbens huwa na vinyweleo vinavyoonekana ukizisogeza karibu na jicho.

Hata hivyo, mpaka kati ya nyasi hizi si ukuta. Wapo wataalamu wa mimea wanaosema kwamba Basilisk yenyewe, inayouzwa kama decumbens, kwa umbo iko karibu zaidi na brizantha kuliko decumbens ya mwituni. Kwa hiyo mfanyabiashara asitosheke na jina la aina pekee. Aulize pia jina la mbegu: Basilisk, Marandu, Xaraés, Piatã, na kadhalika. Jina hilo ndilo linaloeleza tabia ya mzigo atakaouza.

Ipi ya mteja yupi

Decumbens huvumilia udongo uliochoka, wenye tindikali na madini mengi ya alumini. Hustahimili kukanyagwa na kuliwa karibu na ardhi, kwa kuwa mashina yake yako chini. Mteja mwenye ng'ombe wanaojilisha wenyewe kwenye mteremko wenye mmomonyoko, na asiye na fedha za mbolea, huyo ni mteja wa decumbens.

Udhaifu wake ni uleule unaoifanya iwe imara. Ikishaingia ni kazi kubwa kuitoa, na inaweza kuvamia shamba la jirani. Mkulima anayetaka kupokezanisha malisho na mahindi anapaswa kuambiwa hilo mapema.

Brizantha inataka udongo wenye rutuba zaidi, lakini inalipa kwa wingi wa majani. Kwa kuwa inasimama, ni rahisi kuikata na kuibeba. Mfugaji wa ng'ombe wawili au watatu wa maziwa, anayekata na kuwapelekea bandani, mara nyingi ataridhika nayo zaidi.

Zote mbili hazipendi maji yanayotuama, lakini Marandu ndiyo dhaifu zaidi. Huko Brazil malisho mengi ya Marandu yaliyopandwa kwenye udongo usiopitisha maji vizuri yamekauka na kufa. Mteja wa bonde linalojaa maji wakati wa masika asiuziwe Marandu.

Jambo moja linazifanya zifanane kibiashara: Basilisk na Marandu zote hutoa mbegu bila kuchanganya damu na nyasi nyingine. Mche unaotoka kwenye mbegu hufanana na mama yake. Ndiyo maana wakulima wengi hununua mara moja, kisha hugawana vishina wao kwa wao. Anayepanga kuuza mbegu eneo moja kila mwaka azingatie hilo katika makadirio yake.

Zikiwa gunia

Mbegu ikishapurwa na kufungwa, jicho halitoshi. Za brizantha kwa kawaida ni kubwa kidogo kuliko za decumbens, lakini ukubwa hutegemea pia mbegu yenyewe na mahali ilipovunwa. Ushahidi wa kuaminika ni lebo na cheti cha maabara.

Inafaa kujua kwa nini mbegu nyingi hutoka mbali wakati nyasi zenyewe ni za huku. Karibu na mstari wa ikweta brakiaria hutoa mbegu chache zilizojaa. Brazil, ambayo maeneo yake ya uzalishaji yako mbali zaidi kusini, imejenga biashara kubwa ya mbegu hizo.

Huko sehemu kubwa ya mbegu huvunwa kwa kufagiwa ardhini baada ya kudondoka. Faida yake ni kwamba mbegu zimekomaa. Hasara ni kwamba huja na udongo, mawe na makapi, na lazima zisafishwe. Udongo ndani ya gunia ni hasara mara mbili: unaulipia kama mbegu, na mkaguzi wa afya ya mimea anaweza kuukataa mzigo kwa sababu yake.

Kwa hiyo usilinganishe bei kwa kilo ya gunia. Linganisha bei kwa kilo ya mbegu hai. Chukua asilimia ya usafi, zidisha kwa asilimia ya uotaji.

Tuchukue mfano wa bei za kubuni. Muuzaji wa kwanza anataka shilingi 40,000 kwa kilo. Usafi ni asilimia 90 na uotaji ni asilimia 70, kwa hiyo mbegu hai ni asilimia 63. Kilo moja ya mbegu hai inakugharimu takriban shilingi 63,500.

Muuzaji wa pili anataka shilingi 28,000 tu. Usafi ni asilimia 60 na uotaji ni asilimia 50. Mbegu hai ni asilimia 30, na kilo moja ya mbegu hai inakugharimu zaidi ya shilingi 93,000. Aliyeonekana wa bei rahisi ndiye ghali.

Ongeza nauli. Ili upate kilo 100 za mbegu hai utabeba kilo 159 za muuzaji wa kwanza, au kilo 333 za wa pili. Unalipia usafiri wa makapi zaidi ya mara mbili ya uzito.

Tahadhari nyingine ni ya muda. Mbegu za aina zote mbili hulala baada ya kuvunwa. Ganda lake gumu huzuia uotaji, na huhitaji miezi kadhaa ghalani, au kusuguliwa kwa tindikali kiwandani, kabla ya kuota vizuri. Mbegu mpya kabisa inaweza kufeli maabara ingawa ni nzima, na mbegu ya zamani inaweza kuwa imekufa. Uliza tarehe ya kuvuna na tarehe ya kipimo cha mwisho. Zote mbili.

Zikiwa marobota

Kwa msafirishaji, nyasi kavu ni mzigo wa pekee: lori hujaa kabla ya kuwa zito.

Robota la kilo 15 lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kimo cha 35 linachukua nafasi ya mita za ujazo 0.142. Bodi ya lori yenye nafasi ya mita za ujazo 40 itabeba marobota 280 hivi, yaani tani 4.2 tu. Mizani ya barabarani haitakusumbua kwa uzito. Kinachoweza kukusumbua ni urefu na upana wa mzigo, na turubai isiyofunika vizuri.

Hivyo nauli inapaswa kuhesabiwa kwa nafasi. Tuseme safari ni shilingi 560,000. Kila robota linabeba nauli ya shilingi 2,000. Likiwa la kilo 15, nauli kwa kilo ni shilingi 133. Likifungwa kwa kubanwa vizuri likafika kilo 20 kwa ukubwa uleule, nauli kwa kilo inashuka hadi shilingi 100. Mnunuzi anayelipa kwa idadi ya marobota bila kupima uzito anaweza kupoteza faida yake yote kwenye kamba zilizolegea.

Hapa ndipo tofauti ya nyasi inapoingia. Mashina ya decumbens ni membamba, hukauka upesi na hubanwa vizuri. Mashina manene ya brizantha hushika unyevu ndani hata majani yakiwa yameshakauka. Ukigusa juu unadhani ni kavu.

Robota lenye unyevu hupata joto ndani, huota ukungu, na katika shehena kubwa joto hilo linaweza kuwasha moto. Nyasi zinapaswa kukauka hadi unyevu usizidi asilimia 15 hivi kabla ya kufungwa kwa safari ndefu. Njia rahisi ni kuchomoa shina moja katikati ya robota na kulivunja. Likikatika kwa mlio ni kavu. Likipinda, au ukiingiza mkono ukasikia joto, usipakie.

Umri wa nyasi pia una bei. Brizantha iliyoachwa ikakomaa kupita kiasi inageuka kuwa mashina matupu. Robota ni zito, lakini chakula ni kidogo na ng'ombe huacha nusu. Nyasi iliyokatwa ikiwa na wiki 6 hadi 8 baada ya mkato uliopita ndiyo ya kulipia.

Onyo kwa wenye kondoo na mbuzi

Tofauti hii haionekani kwenye lebo yoyote, lakini wafanyabiashara wa mifugo wanapaswa kuijua kuliko zote.

Decumbens ina kemikali za jamii ya saponini ambazo zinaweza kudhuru ini la mnyama. Ini likishindwa kazi, mabaki ya rangi ya majani hubaki kwenye damu, na ngozi huungua inapopigwa na jua. Masikio, pua na kope huvimba, ngozi hubabuka, weupe wa macho huwa wa njano, na mnyama hukimbilia kivulini na kuacha kula.

Kondoo ndio wanaoathirika zaidi, hasa wachanga na wale wasioizoea nyasi hiyo. Mbuzi na ndama nao wamo hatarini. Ng'ombe wakubwa kwa kawaida huivumilia. Brizantha nayo ina saponini na visa vimeripotiwa, lakini decumbens ndiyo inayotajwa mara nyingi zaidi.

Fikiria maana yake kwa msafara wa mnadani. Kondoo waliokulia kwenye nyasi nyingine wanafikishwa kwenye eneo la kupumzikia lililopandwa decumbens, wanalishwa humo siku kadhaa wakisubiri lori au vibali, kisha wanaanza kuvimba nyuso. Daktari wa mifugo anaweza kuwazuia akihofia ugonjwa wa kuambukiza. Ni heri kuuliza nyasi ya eneo hilo ni ipi kabla ya kushusha wanyama, na kuwapa kivuli na malisho ya aina nyingine.

Karatasi za mpakani

Jambo la kwanza ni jina. Wataalamu wa mimea wamezihamishia nyasi hizi kwenye jenasi ya Urochloa. Hivyo Urochloa brizantha ni ileile Brachiaria brizantha, na Urochloa decumbens ni ileile Brachiaria decumbens. Kibali kikiandikwa jina moja na cheti jina jingine, mkaguzi ana haki ya kuuliza. Mwombe wakala wako aandike jina lilelile kwenye karatasi zote, au aweke yote mawili.

Pili, mbegu na nyasi kavu si bidhaa moja kwa forodha. Mbegu za kupanda ziko kwenye kifungu cha 12.09 cha orodha ya bidhaa, na nyasi kavu za malisho ziko kifungu cha 12.14. Anayeandika mbegu kama majani ya mifugo ili kukwepa ukaguzi anajitafutia kunyang'anywa mzigo.

Tatu, mpangilio wa vibali. Kibali cha kuingiza mimea hutolewa na nchi inayopokea, na hutangulia. Cheti cha afya ya mimea hutolewa na nchi inayopeleka, na hufuata masharti ya kibali hicho. Kenya ni KEPHIS. Tanzania ni TPHPA kwa afya ya mimea, na TOSCI kwa ubora wa mbegu. Rwanda ni RICA. Uganda ni wizara ya kilimo. Kwa marobota, uliza pia idara ya mifugo, kwa sababu nyasi kutoka eneo lenye ugonjwa wa miguu na midomo inaweza kuzuiwa.

Nne, cheti cha asili. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa zilizo kwenye orodha yake. Lakini utaratibu huo haufuti ukaguzi wa mimea. Aidha, mbegu ya Brazil iliyofungashwa upya Nairobi au Kampala haigeuki kuwa mali ya Jumuiya kwa sababu ya paketi mpya.

Kabla ya kulipa

Kwa mnunuzi wa mbegu, maswali ni matano: jina la aina na jina la mbegu, usafi, uotaji, tarehe ya kuvuna na ya kupima, na nchi ilikotoka. Muuzaji asiyeweza kujibu yote kwa maandishi anauza bahati nasibu.

Kwa mnunuzi wa marobota, pima machache kwa uzito, fungua moja katikati, na lipa kwa kilo inapowezekana. Kwa msafirishaji, kagua unyevu kabla ya kupakia, kwa kuwa moto ukitokea njiani lori ni lako.

Na kwa anayeuza, mwambie mteja ukweli kuhusu shamba lake. Mwenye udongo mchovu na ng'ombe wa kujilisha mpe decumbens. Mwenye banda, mbolea na panga mpe brizantha. Mwenye kondoo mwambie kuhusu jua na ini kabla hajafungua pochi. Mauzo ya leo yanaweza kupungua kwa mfuko mmoja, lakini mteja huyo atarudi mwakani, na atakuja na jirani yake.